Mkono mmoja haulei mwana: Jinsi mipango ya jamii inavyowafaa wasichana balehe

KATIKA miji ya Waswahili wa Pwani, msichana aliyevunja ungo hakuachwa aupapase ulimwengu peke yake. Alipewa somo, yaani mwanamke mwenye umri na busara, aghalabu asiye mama yake mzazi, ambaye kazi yake ilikuwa kumfundisha usafi wa mwili, heshima na siri za utu uzima. Kwa Waluo wa kando ya Ziwa Victoria, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya ajuza aliyewalea kwa hadithi, vitendawili na maonyo. Jamii nyingine nyingi za Kenya zilikuwa na mtu wa aina hiyo, na mahali pa aina hiyo.

Mambo yamebadilika. Nyanya yuko kijijini ilhali mjukuu yuko katika mtaa wa mabanda mjini. Mama huondoka alfajiri kutafuta vibarua na kurudi giza limeingia. Mwalimu ana wanafunzi wengi na muda mfupi. Simu ya mkononi imejitwalia nafasi ya somo, lakini simu haimjui binti anayeishika wala haimuulizi kwa nini leo hakwenda shuleni.

Ni pengo hilo ambalo mipango ya jamii imekuwa ikijaribu kuliziba kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Makala haya yanaeleza mipango hiyo hufanya kazi vipi, ni ipi iliyozaa matunda na ni kwa nini mingine hufa pindi mfadhili anapofunga mkoba wake. Msomaji atakayeyafuata hadi mwisho ataona kwamba iliyofaulu inafanana kwa jambo moja: kila mmoja, kwa njia yake, ulimrejeshea msichana somo wake.

Umri wa njia panda

Shirika la Afya Duniani (WHO) huwahesabu kuwa vijana balehe wale walio na umri wa kati ya miaka 10 na 19. Katika miaka hiyo mwili wa msichana hubadilika kwa kasi, na pamoja na mwili hubadilika namna watu wanavyomtazama. Nduguye wa kiume huongezewa uhuru. Yeye huongezewa kazi za nyumbani. Kwingineko huanza kupigiwa hesabu ya mahari.

Kwa mujibu wa Utafiti wa Kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka wa 2022, asilimia 15 ya wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 nchini Kenya walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika utafiti kama huo wa mwaka wa 2014, kiwango kilikuwa asilimia 18. Hatua imepigwa, ila wastani wa kitaifa unaficha mengi. Katika Kaunti ya Samburu kiwango kilikuwa asilimia 50, yaani msichana mmoja kati ya kila wawili. Pokot Magharibi kilikuwa asilimia 36, Marsabit asilimia 29 na Narok asilimia 28. Nyeri na Nyandarua kilikuwa asilimia 5 pekee.

Tofauti hiyo huonekana tena katika elimu. Miongoni mwa wasichana wa umri huo ambao hawakuwahi kusoma, karibu 4 kati ya 10 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kwa waliovuka kiwango cha sekondari, walikuwa 5 kati ya 100. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mimba ndiyo inayomtoa msichana shuleni. Mara nyingine mambo huenda kinyume: kwanza shule humponyoka kwa sababu ya karo, sare, njaa au umbali, kisha mimba hufuata.

Sheria hazikukosekana. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya lazima na isiyolipiwa. Sheria ya Makosa ya Ngono ilipitishwa mwaka wa 2006. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataka kila anayeoa au kuolewa awe ametimiza miaka 18. Lakini sheria hutungwa Nairobi, na msichana anaishi kwao. Kati ya bunge na kijiji panahitajika watu wa kuishika sheria hiyo mkono na kuifikisha mlangoni.

Mahali salama na mlezi wa mtaani

Mwaka wa 2002, kituo kiitwacho Binti Pamoja kilianzishwa mtaani Kibera, Nairobi, chini ya shirika la Carolina for Kibera. Wasichana walikutana hapo kuzungumza, kuandika, kuigiza na kupiga picha za maisha yao wenyewe. Baadaye wale waliopitia kituoni humo walianza kuongoza makundi ya wadogo zao katika sehemu mbalimbali za mtaa. Huo ndio mtindo uliokuja kujulikana kama mahali salama, na ambao umeigwa kwingi.

Namna unavyofanya kazi si fumbo. Wasichana wa umri unaokaribiana hukutana mara moja kwa juma, siku ileile na saa ileile, katika darasa, ukumbi wa kanisa, madrasa au chumba cha kijamii. Anayewaongoza ni mlezi, mwanamke kijana wa mtaa uohuo ambaye amesoma akafika mbali kidogo kuliko wao. Huzungumza kuhusu hedhi, mimba, virusi vya ukimwi, kuweka akiba, kumaliza ugomvi nyumbani na namna ya kusema hapana ikasikika.

Kila sehemu ya mpango huo ina sababu yake. Umri hutenganishwa kwa kuwa msichana wa miaka 11 na yule wa miaka 17 hawana maswali yanayofanana, na mdogo hunyamaza mbele ya mkubwa. Mlezi huwa wa mtaani kwa sababu binti akipatwa na jambo usiku wa Jumanne hawezi kungoja afisa wa shirika aje na gari siku ya Ijumaa. Na mahali huwa pamoja pasipobadilika kwa kuwa mvulana tayari ana pake: ana uwanja, ana kibanda cha video, ana steji ya bodaboda. Msichana mara nyingi hana pengine ila nyumbani na kisimani.

Kati ya mwaka wa 2015 na 2017, shirika la Population Council na washirika wake waliuweka mtindo huu kwenye mizani katika mpango wa AGI-K, uliowafikia wasichana zaidi ya 6,000 wa kati ya miaka 11 na 14 mtaani Kibera na katika Kaunti ya Wajir. Mpango uligawanywa kwa ngazi nne. Ngazi ya kwanza ilikuwa mazungumzo ya jamii nzima kuhusu dhuluma dhidi ya wasichana. Ya pili iliongeza msaada wa fedha kwa familia kwa sharti kwamba binti aende shule. Ya tatu iliongeza makundi ya kila juma yenye mafunzo ya afya. Ya nne iliongeza mafunzo ya fedha na kuweka akiba.

Matokeo yalitofautiana kwa sehemu, na hilo lenyewe ni funzo. Huko Wajir, faida kubwa ilionekana kwa wasichana ambao hawakuwa shuleni mpango ulipoanza: wengi waliingia darasani, na ndoa na mimba miongoni mwao zikachelewa. Huko Kibera, ambako wengi walikuwa tayari wanasoma, faida ilikuwa katika kumaliza shule ya msingi na kuvuka hadi sekondari. Dawa moja haiponyi kila mgonjwa. Anayetaka kuwasaidia wasichana sharti kwanza aulize wa hapo wamekwama wapi.

Uwanja wa kandanda kama darasa

Pwani, njia iliyotumiwa ilikuwa mpira. Mwaka wa 2001 shirika la Moving the Goalposts lilianzishwa Kilifi, eneo ambako wakati huo wengi waliona kandanda kuwa mchezo wa wavulana. Wasichana waliunda timu na ligi, na hawakuishia kuucheza mpira tu. Walifunzwa kuwa waamuzi, makocha, watoaji wa huduma ya kwanza na waelimishaji wa wenzao kuhusu afya ya uzazi. Mazoezi yanapokwisha, wachezaji huketi na mazungumzo huanza.

Jijini Nairobi, shirika la michezo la vijana wa Mathare (MYSA), lililoanzishwa mwaka wa 1987, lilikuwa limefungua milango yake kwa timu za wasichana mwaka wa 1992.

Huenda mzazi akauliza mpira unahusiana vipi na masomo. Unahusiana kwa mambo matatu. Kwanza, unampa binti sababu ya kutoka nyumbani ambayo familia nzima inaijua na kuikubali. Pili, unamzoesha kusimama mbele ya watu, kukosea hadharani, kisha kuendelea. Msichana aliyewahi kupuliza kipenga na kumwamuru mchezaji atoke uwanjani hapati tabu sana kumwambia mwendeshaji bodaboda kwamba hataki safari ya bure. Tatu, mpira humweka karibu na wakubwa wanaolijua jina lake. Akikosa mazoezi mara mbili, mtu huulizia aliko. Somo wa kale alifanya vivyo hivyo.

Sodo peke yake haitoshi

Katika mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu elimu ya wasichana, ni mambo machache yaliyotajwa mara nyingi kama sodo. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa sodo mwaka wa 2004, mapema kuliko mataifa mengi. Mwezi wa Juni mwaka wa 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayoitaka serikali kumpa kila msichana aliyebalehe na aliyesajiliwa katika shule ya umma sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa zilizotumika.

Utekelezaji haukulingana na maneno ya sheria. Ziko shule ambako sodo zilifika muhula mmoja na kukosekana muhula mwingine. Mnamo Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia katika ukumbi wa Seneti akiwa na suruali nyeupe yenye doa jekundu na akatakiwa kutoka. Wapo waliomlaumu na wapo waliomsifu, lakini siku ile taifa zima lililazimika kutaja kwa sauti jambo ambalo wasichana hulibeba kimyakimya kila mwezi.

Hata hivyo, ni vyema kuwa wakweli kuhusu kile ambacho sodo inaweza kufanya na kile ambacho haiwezi. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu Kenya (KEMRI) na wenzao wa ng'ambo waligawa sodo na vikombe vya hedhi kwa wasichana wa shule za msingi katika Kaunti ya Siaya. Utafiti huo ulihusisha shule 30, na matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2016. Waliopewa bidhaa hizo walikuwa na maambukizi machache ya zinaa kuliko wale ambao hawakupewa. Lakini idadi ya walioacha shule haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Maana yake ni wazi. Sodo hulinda afya na hadhi ya binti, na hiyo ni haki yake hata kama haimwongezei alama moja katika mtihani. Lakini msichana anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hatazuiwa na pakiti ya sodo. Wala hatazuiwa yule ambaye choo cha shule yao hakina mlango wala maji, wala yule anayechekwa na wavulana na mwalimu akanyamaza. Mpango wa busara huleta sodo, kisha huuliza kuhusu choo, maji, na kile ambacho wavulana wamefundishwa.

Ukweli ukisemwa waziwazi

Kuna utafiti mwingine wa humu nchini unaostahili kujulikana na kila mwalimu. Mwaka wa 2004, wanafunzi wa darasa la nane katika baadhi ya shule za eneo la Magharibi walipewa kipindi cha dakika 40 tu. Walionyeshwa takwimu za maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa umri na jinsia, zikionyesha kuwa wanaume wenye umri mkubwa wameambukizwa zaidi kuliko vijana. Hawakuhubiriwa. Waliambiwa yalivyo. Katika mwaka uliofuata, mimba miongoni mwa wasichana wa shule hizo zilipungua kwa asilimia 28 zikilinganishwa na za shule ambazo hazikupata kipindi hicho. Kuwafunza walimu mtaala wa kawaida uliosisitiza kujiepusha na ngono pekee hakukuleta mabadiliko kama hayo katika idadi ya mimba.

Katika eneo hilohilo, utafiti mwingine ulioanza mwaka wa 2003 na kuhusisha shule 328 uligundua kwamba kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu sare za bure kulipunguza idadi ya wasichana walioacha shule na pia idadi ya walioshika mimba. Sare ni kitambaa tu, lakini kwa mzazi maskini ndiyo hesabu inayoamua ni mtoto yupi atabaki nyumbani.

Ukweli huohuo unahitajika kuhusu chanjo. Mnamo Oktoba 2019, Kenya ilianza kutoa chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha takribani visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi, ikianza na wasichana wa miaka 10. Uvumi ulienea kwamba chanjo hiyo huleta utasa au huwafungulia watoto mlango wa uasherati. Uvumi huo hauna msingi. Chanjo hutolewa katika umri mdogo kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi hivyo. Mwaka wa 2022, WHO ilieleza kuwa hata dozi moja inaweza kutoa kinga ya kutosha kwa wasichana. Mzazi mwenye shaka na auulize muuguzi wa zahanati iliyo karibu naye, wala asitegemee ujumbe uliosambazwa kwa simu na mtu asiyejulikana.

Tohara kwa maneno

Pengine funzo kubwa kuliko yote limetoka katika vita dhidi ya ukeketaji. Mwaka wa 1996, shirika la Maendeleo ya Wanawake na lile la PATH lilishirikiana na wakazi wa Gatunga, Tharaka, kuandaa sherehe iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana waliwekwa kando kwa takriban wiki moja kama ilivyo desturi na wakafundishwa mambo ya mwili, ya ndoa na ya heshima. Kisha walitolewa kwa ngoma na zawadi mbele ya kijiji. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa wembe.

Mtindo huo ulienea katika jamii nyingine kwa majina mbalimbali. Kule Narok, Agnes Pareyio alikuwa akitembea kijiji kwa kijiji akiwafundisha kina mama na mabinti madhara ya ukeketaji, na mwaka wa 2002 kituo cha Tasaru Ntomonok kikafunguliwa kuwapokea wasichana waliotoroka kisu na ndoa za lazima. Huko Enoosaen, Kakenya Ntaiya, ambaye akiwa msichana alikubaliana na babaye kwamba atakeketwa kwa sharti la kuendelea na masomo, alirudi kutoka Marekani akiwa msomi na kufungua shule ya wasichana mwaka wa 2009. Mzazi anayempeleka bintiye katika shule hiyo huahidi kutomkeketa wala kumwoza.

Sheria iliwaunga mkono. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 ilipiga marufuku kuwakeketa watoto, na ile ya mwaka wa 2011 ikapiga marufuku ukeketaji wa mwanamke wa umri wowote. Mahakama Kuu iliithibitisha sheria hiyo mwezi wa Machi 2021. Takwimu za KDHS zinaonyesha safari ilivyokuwa: mwaka wa 1998 wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 ya wale wa kati ya miaka 15 na 49; mwaka wa 2003 walikuwa asilimia 32; mwaka wa 2014 asilimia 21; na mwaka wa 2022 asilimia 15.

Lakini sherehe ya siku moja haikuwa muujiza. Pale ambapo shirika lilikuja na hema, likawavisha wasichana fulana, likapiga picha na kuondoka, baadhi ya familia zilikeketa mabinti zao baadaye, kwa siri na wakiwa wadogo zaidi. Sherehe ilishika mizizi pale wazee walipoibariki hadharani na vijana wa kiume wakasema wataoa wasiokeketwa, na pia pale ngariba alipopata njia nyingine ya riziki. Huko Kajiado, Nice Nailantei Leng'ete alitumia miaka akizungumza na wazee na morani kabla ya kusikilizwa. Waliokuwa wakishikilia desturi ndio waliokuwa na uwezo wa kuiachilia.

Aliyejifungua asifungiwe lango

Vipi kuhusu msichana ambaye tayari ameshika mimba? Tangu mwaka wa 1994 Kenya imekuwa na sera inayomruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, na mwongozo wa kitaifa wa mwaka wa 2020 uliifafanua upya. Hata hivyo, wapo wazazi wasioijua sera hiyo, na wapo walimu wanaoijua ila wanaona haya kuitekeleza.

Janga la korona lilionyesha thamani ya lango la shule. Shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020 na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Utafiti uliofanywa Siaya na kuchapishwa mwaka wa 2022 uliwalinganisha wasichana wa sekondari waliopitia kipindi hicho na waliowatangulia. Hatari ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule iliongezeka maradufu, na ile ya kuacha masomo ikawa mara tatu. Waliopotea hapo hawakupungukiwa na akili wala maadili. Walipungukiwa na mahali pa kwenda asubuhi na mtu wa kuuliza walipo.

Kwa msichana kama huyo, kundi la mtaani ni daraja. Mlezi humsindikiza kwa mwalimu mkuu akiwa na mwongozo mkononi, huzungumza na babaye aliyekasirika, na kumtafutia nyanya au jirani wa kumshika mtoto. Hakuna wizara inayoweza kufanya kazi hiyo kutoka ofisini.

Mfadhili akifunga mkoba

Swali gumu ni hili: nani atalipa? Mfano wa karibu ni mpango wa DREAMS, uliotangazwa na serikali ya Marekani mwaka wa 2014 kwa mataifa 10 ya Afrika, Kenya ikiwemo. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Nairobi zilikuwa za kwanza kunufaika humu nchini. Wasichana walipata mahali salama, walezi, msaada wa karo na huduma za kuzuia virusi vya ukimwi. Mnamo Januari 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya kigeni, na shughuli nyingi za aina hiyo zikakwama ghafla. Milango ya vyumba ilifungwa. Walezi waliambiwa wasije kazini.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Wasichana hawakuwa na neno katika siasa za Washington, ila ndio waliofika siku ya mkutano na kukuta kufuli. Hata hivyo, si kila kitu kinachohitaji fedha za ng'ambo. Karo, matibabu na sodo vinahitaji bajeti, na hapo serikali kuu na za kaunti hazina kisingizio, maana ni wajibu wao kisheria. Lakini chumba cha saa mbili Jumamosi alasiri tayari kipo katika kila kata: darasa la shule, ukumbi wa kanisa, baraza la msikiti, ofisi ya chifu. Na mwanamke wa kuwaongoza yupo pia. Chama cha akina mama kinachoweza kukusanya fedha za kununuliana sufuria kinaweza kukusanya za kumpa mlezi nauli na posho kidogo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wanaotaka kuanzisha kundi mtaani kwao, mambo yafuatayo yametokana na uzoefu ulioelezwa hapo juu.

Kwanza, chagueni mlezi kwa uangalifu. Awe mtu ambaye wasichana wanamwamini na wazazi wanamfahamu, wala asiachwe peke yake; wawili ni bora kuliko mmoja. Mtu mzima yeyote atakayeshinda na watoto achunguzwe mienendo yake kwanza.

Pili, anzeni mapema. Msichana wa miaka 10 au 11 husikiliza kwa moyo mkunjufu kuliko yule ambaye tayari amezongwa na shida. Watafuteni hasa wale wasiokuja wenyewe: vijakazi wa nyumbani, mayatima, wenye ulemavu na walioacha shule.

Tatu, waiteni wazazi kabla uvumi haujawafikia. Waelezeni mtakayofundisha, na msiwasahau kina baba. Binti hawezi kujadiliana nyumbani kuhusu ndoa ikiwa mwenye uamuzi hajasikia lolote.

Nne, wafundisheni wavulana pia, wakiwa peke yao na wakati mwingine pamoja na wasichana. Kumfunza binti kujikinga bila kumfunza kijana kuheshimu ni kumtwisha mmoja mzigo wa wawili.

Tano, jueni mtakapompeleka msichana aliyedhulumiwa. Aliyenajisiwa anahitaji kufika hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na asioge wala kufua nguo kabla ya kuchunguzwa. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto na 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia hupigwa bila malipo. Jambo la namna hiyo lisimalizwe kwa mbuzi na vikao vya wazee, maana sheria hairuhusu.

Sita, shikeni siku na saa. Kundi dogo linalokutana kila Jumamosi kwa miaka mitatu litawafaa mabinti kuliko kongamano kubwa lenye wageni mashuhuri na chakula cha mchana.

Kila Desemba shule zinapofungwa, meza ya habari hupokea taarifa zinazofanana: wasichana waliokeketwa usiku katika kijiji fulani, wengine waliokimbilia kituo cha polisi. Kila Januari hufuata za wale ambao hawakurejea darasani. Mhariri hubadilisha tarehe na jina la kaunti. Maneno mengine hubaki yaleyale. Taarifa isiyofika mezani ni ya msichana aliyepatwa na jambo lilo hilo, akaenda kugonga mlango wa mwanamke anayemfahamu, akafunguliwa.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema mikono ya kulea itoke mbali.